Mshipa Ulioshonwa Zamani

Ndani ya tramu, treni ndogo ya barabarani, mjini Gothenburg, Gunvor aliacha kusoma gazeti, maana mzee aliyeketi mbele yake alikuwa akimweleza mama asiyemjua habari za kifua chake. "Miaka kumi na miwili iliyopita walinipasua, wakaweka kipande cha kitambaa kwenye mshipa mkuu wa damu. Sasa pale waliposhona pametuna. Daktari mmoja anataka kunipasua tena, mwenzake anataka kupitisha mrija kwenye mshipa wa paja hadi kifuani."

"Paja, mzee wangu," mama akasema, kana kwamba ndiye mpasuaji. "Mume wangu alirudi nyumbani siku ya tatu."

"Na sasa?"

"Kila mwaka anapigwa picha, waone kama mrija haujasogea."

"Mimi nataka jambo liishe, mama. Nimechoka kuchunguliwa."

"Kisu cha pili kinaweza kukumaliza wewe."

Gunvor alikuwa ameshapitiliza kituo chake. Mzee akauliza taratibu, "Mumeo hupata usingizi?"

Mama akafikiri. "Yeye hulala. Mimi ndiye ninayekesha nikimsikiliza anavyopumua."

Tramu ikasimama mbele ya hospitali. Mzee akamshika mama mkono, akashuka bila kusema atachagua lipi.