Mama Yetu, Mtafiti wa Muwasho

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi cherehani na muuguzi. Tangu utotoni ngozi ilimwasha viwikoni na nyuma ya magoti, na watoto wenzake wakambandika jina la Kucha. Hakulichukia. Hata kazini alijitambulisha, “Dokta Kucha, karibu.”

Alisoma biolojia chuo kikuu, akabaki pale kama msaidizi wa maabara, na mwaka 1991 akapata shahada ya uzamivu.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa majokofu aliyeitwa kutengeneza friza ya maabara. “Kazi iliisha asubuhi,” baba husema, “nikashinda pale hadi jioni nikijifanya natafuta bisibisi.”

Mama alichunguza bakteria wanaoishi juu ya ngozi. Siku moja mwanafunzi wake alichemsha chupa ya bakteria hao kwa bahati mbaya.

“Mama, nimeharibu. Wamekufa wote, namwaga.”

“Thubutu! Wamekufa, sawa. Walichokitoa je?”

Walidondosha maji ya chupa ile kwenye seli za kinga za panya, zile zinazoleta mzio. Zikamwaga kemikali ya kuwasha vilevile kama zilipokutana na bakteria hai. Kumbe kilichozichokoza ni dutu waliyoitoa bakteria, hata wenyewe wakiwa hawapo. Wakosoaji wakasema panya si mtu. Maneno hayo yalimkaa rohoni, kwani kina mama wa watoto wenye muwasho waliendelea kusutwa kwamba hawawaogeshi watoto wao.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alihofia jambo moja tu: kuondoka bila kujua kama seli za binadamu nazo hufanya hivyo. Mwezi uliopita yule mwanafunzi, sasa mkuu wa maabara, aliingia wodini akihema. Seli za watu waliojitolea zilijibu kama za panya, na dutu ile ilipozuiwa, zikatulia.

“Umerudia?” mama akauliza.

“Mara tatu, Mama.”

“Rudia ya nne. Mimi sina haraka.”

Tulicheka mpaka muuguzi akatufukuza. Jaribio la nne lilitoa jibu lilelile, na mama alilisikia kwa masikio yake. Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Juni 2023, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti wawili, wajukuu watatu na dada mmoja. Jumatatu wagonjwa wa kwanza wataanza kujaribu dawa ya kupaka iliyotokana na kazi yake, iliyoandaliwa kwa miaka ikisubiri jibu hilo tu.

Apumzike kwa amani, mama yetu, aliyeondoka akiwa na jibu lake.