Bi Biubwa na Kipimo Kisichotikiswa

Bi Biubwa Masoudi anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara ya hospitali yetu huku milimani Mbinga. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno matamu. Matamu nitayaandika, lakini nimekasirika, na hasira yangu ina sababu.

Alizaliwa Mbamba Bay, mtoto wa muuza duka, akapanda huku baridini na sweta la kuazima, na hakushuka tena isipokuwa likizo. Tulimwita Bi Subiri. Daktari akija mbio kudai majibu, aliambiwa asubiri. Padre akija, naye alisubiri, ila yeye aliletewa kiti. Wengi wetu tuliofundishwa naye hadi leo tunatetemeka akivua miwani.

Mwaka juzi vililetwa vipimo vipya vya wingi wa damu, kwa ajili ya zahanati za mwambao wa ziwa ambako umeme hukatika mvua ikitishia tu. Ni kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kiberiti, na ndani yake mna mfereji mwembamba kama unywele. Tone la damu na tone la dawa huingia pamoja. Katika njia nyembamba hivyo vimiminika havivurugiki kama maji ya mto. Huenda sambamba kama wapangaji waliogombana, mlango mmoja, salamu hakuna. Ndiyo maana mfereji umepindwapindwa na sakafu yake ina matuta: kila kona inakunja damu juu ya dawa, na dawa juu ya damu, mpaka zishikane. Hakuna mota wala betri. Mwendo wenyewe ndio unaochanganya.

Sisi sasa! Tumelelewa na chupa za dawa ya kikohozi: tikisa kabla ya kutumia. Basi zahanati zikatikisa. Wengine walikigonga mezani kana kwamba ni redio mbovu. Viputo vya hewa vikaziba mfereji, na majibu yakasema damu ni kidogo. Ndivyo Glorious, mjamzito wa miezi minane, alivyopandishwa mlima kwa bodaboda kutoka ziwani, mvua ikimnyeshea. Bi Biubwa alimpima upya, akakuta hana tatizo lolote. Alimwambia, "Mwanangu, damu yako nzuri. Mgonjwa ni mkono wetu."

Uongozi ukaamua nini? Kwamba vipimo ni vibovu, virudishwe. Kitu kisichotikiswa kinachanganyikaje, waliuliza kikaoni, na wakacheka. Wanacheka, na Glorious bado yuko wodini, miguu imevimba kwa safari aliyopandishwa bure.

Bi Biubwa alitoka kikaoni bila kuaga. Likizo yake ya mwisho aliitumia kuzunguka zahanati za mwambao na unga wa ngano. Aliwakandisha wauguzi chapati, wakakunja kwa mafuta, wakakunja tena, kisha akakata donge ili waone tabaka, kwamba kukunja peke yake kunachanganya. Halafu akaweka sheria: ukishadondosha tone, shika kikombe cha chai kwa mikono miwili mpaka kipimo kimalize. Mkono wenye chai ya moto hautikisi kitu. Tangu hapo hakuna mama aliyepandishwa mlima bure.

Na bado amri haijafutwa. Vipimo vitafungwa kwenye maboksi siku moja baada ya yeye kuondoka, kana kwamba walikuwa wanangoja tu apite getini. Akina Glorious wa kesho watapimwa kwa kuangaliwa macho, halafu wapakiwe kwenye bodaboda. Hii ni aibu, na sitaifunika kwa keki na vitenge.

Bi Biubwa, asante kwa yote. Shuka salama ufukweni kwenu, ule dagaa wenu wa usipa, ulale mpaka uchoke kulala, na Mungu akuzidishie afya. Siku ya sherehe chai itagawiwa kwa wote, tukianza na meza kuu. Waheshimiwa viongozi, tunawaomba mshike vikombe kwa mikono miwili.