Mayai Ndiyo Yaliyovaa Helmeti

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe sana! Na ninyi mlio nje mnalinda pikipiki, itikeni, maana maneno ya leo yanawahusu ninyi kuliko hawa waliokaa kwenye viti.

Mimi ni Masereka, mzaliwa wa Kyondo, naendesha boda hapa Bwera. Mnanijua. Wengi wenu nimewabebea kitu, na ushuhuda wangu unaanzia hapo hapo, kwa sababu nilikuwa mtu niliyefungwa. Wengine wamefungwa na pombe, wengine na wivu. Mimi nilifungwa na neno moja: "Lete." Mtu akisikia Masereka anasafiri, anakuja na mzigo. Mpelekee dada yangu hii, mfikishie shemeji yangu ile. Nami nasema lete! Sijui nilirogwa au nilizaliwa hivyo, lakini mdomo wangu haukujua kukataa hata siku moja.

Mke wangu Kabugho aliteseka. Siku ya harusi ya kaka yake, kule Nyamwamba, nilimpakia na mbuzi wa jirani katikati yetu. Mbuzi yule alikuwa na adabu mpaka Kikorongo. Baada ya hapo alianza kula gomesi, gauni lake la sherehe. Kabugho aliingia harusini na bega moja la nguo, na kwenye picha zote amesimama upande. Alinisamehe. Yule mwanamke ana moyo, nasema kweli mbele ya madhabahu.

Lakini siku nyingine tulikuwa tunatoka Kasese, tukafika tena Kikorongo, tukamkuta mzee na magunia mawili ya vitunguu. Gari lilikuwa limemwacha. Akaomba nimfikishe njia panda ya Katwe tu, si mbali. Pikipiki haikutosha watu watatu na magunia. Sasa sikieni nilichofanya. Nilimshusha mke wangu! Nikamwambia, "Ningoje hapa, narudi sasa hivi." Nilirudi baada ya saa mbili, kwa sababu kule nako nilikuta mtu mwenye mzigo. Kabugho hakuwepo. Wauza ndizi waliniambia amepanda gari kwenda Katunguru kwa baba yake, na kwamba alipanda huku anacheka. Kicheko hicho kilinitisha kuliko machozi.

Wiki tatu nilikula ugali wa muhogo niliosonga mwenyewe. Msiniulize ulikuwaje. Simu zangu hakupokea. Mwisho mkwe wangu, mzee mmoja mkavu anayeuza samaki wa kukaushwa, akanipigia yeye: "Masereka, kuja Jumamosi. Kuja peke yako. Usibebe kitu, hata sukari. Kama nimemaliza chakula ya saa sita na wewe hujafika, mutoto yangu inabaki kwangu." Akakata simu.

Ndugu zangu, mkwe kukuambia uje mikono mitupu! Kwetu jambo hilo halijasikika. Nilijua ananipima.

Ijumaa fundi wangu alinikuta stendi. Akaniambia, "Leta pikipiki niangalie breki ya nyuma, ile inalia sana. Na mnyororo imelegea." Nikamjibu nakuja saa nane. Saa nane sikwenda! Nilikuwa nazunguka kukusanya mizigo, maana habari za safari yangu zilishafika mpaka Mpondwe. Hewa ya tairi sikupima. Oili sikuangalia. Na breki je? Breki niliiombea. Ndiyo! Niliweka mkono juu ya tairi nikakemea kwa sauti kubwa mpaka kuku wakakimbia. Mungu anisamehe, nilimpa kazi ya fundi.

Niliapa kwamba sitambebea mkwe kitu, na kweli sikumbebea mkwe kitu. Vyote vilikuwa vya watu wengine. Gunia la unga wa muhogo. Jogoo. Na mlango wa mbao, mlango mzima na bawaba zake, wa mtu anayejenga Katunguru. Niliufunga kwa mipira nyuma yangu, umekaa kwa upana, nikawa nachukua barabara nzima.

Jumamosi asubuhi nimeshavaa helmeti, nimeshawasha, akaja Mama Kavira. Mama Kavira, usijifiche nyuma ya nguzo, nakuona! Mama yetu huyu alitukimbilia kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, tunampenda wote, na mimi nani nimkatalie? "Masereka, mutoto yangu," akasema, "unibebee mayayi ya mujukuu wangu wa Katunguru. Amezala juzi, iko na njaa." Nikamwuliza nitayaweka wapi. Akatazama kichwa changu. "Ile kofia yako iko na matela muzuri mu ndani. Mayayi italala muzuri." Matela kwao ni godoro.

Nikavua helmeti! Nikavaa kofia ya sufu. Mayai ishirini yakaingia kwenye helmeti, yakafunikwa kitambaa, yakakazwa kwa kamba juu ya tangi mbele ya tumbo langu, nami nikaondoka kumfuata mke wangu.

Mpaka Kikorongo mambo yalikuwa mazuri. Nilipokata kulia nikaingia mbugani, upepo wa uwandani ukaukamata ule mlango. Kuanzia hapo pikipiki haikwenda nilikotaka mimi, ilikwenda ulikotaka mlango. Lori likanipigia honi, nikainua mkono kushukuru. Nikatazama saa: saa tano na nusu. Nikaongeza mwendo. Mteremko kidogo, kona kidogo, na hapo mbele nikaona tembo. Watatu, wamesimama katikati ya lami, hawana haraka na mtu.

Nikakanyaga breki. Haikulia tena, ilikuwa imemaliza kulia! Nikakamata ya mbele, mzigo wote ukanisukuma mgongoni kwa pamoja. Niliona majani, nikaona mbingu, nikaona majani tena.

Nilipofumbua macho nilikuwa chali mtaroni, mweupe wa unga kutoka nywele mpaka viatu, na mlango umenifunika. Damu ilikuwa inaingia jichoni. Jiwe lilinipasua hapa juu ya sikio, kovu mnaliona. Nikasikia majani yanakanyagwa. Mara mkonga ukaingia chini ya mlango. Yesu wangu! Ukanusa unga, ukanusa shingo yangu, kisha ukashika ukingo wa mlango ukaanza kuuvuta taratibu, kama jirani aliyekuja kuazima. Na mimi, kwa mdomo wangu huu wa siku zote, nilikuwa karibu kumwambia chukua!

Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Nilimwona Kabugho rohoni mwangu, amekaa barazani kwa baba yake, na mzee ananawa mikono ale. Nikaukamata mlango kwa mikono miwili nikapiga kelele: "Hapana! Hapana! Hapana!" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia mtu, na huyo hata mtu hakuwa. Tembo akaachia. Akapiga masikio, akafikiri kidogo, akaondoka na wenzake. Haleluya!

Askari wa mbuga walifika na gari lao. "Wewe! Toka chini ya mlango! Tembo ilishaenda!" Nikatoka. "Helmeti iko wapi?" Nikaonyesha kwa kidole. Ilikuwa imekatika kamba, imeviringika mpaka kwenye kichaka, kitambaa bado kimekaza. Afande mmoja akaiokota, akafunua, akayatoa mayai moja moja. Hakuna hata moja lililopata ufa! Akatazama helmeti, akatazama kichwa changu. "Mayai ilivaa helmeti," akasema, "na wewe ulivaa soksi?"

Hakucheka, nami sikucheka. Nilikaa kando ya lami nikalia. Ishirini yote mazima, na kichwa changu mimi, mume wa mtu, kimepasuka! Kidogo tu zaidi, Kabugho angeletewa maiti iliyopakwa unga. Hapo niliogopa kuliko nilivyomwogopa tembo.

Sasa nimesikia kuna watu wanasema mlango ndio ulioniokoa, na kwamba kuna mtu Mpondwe ameanza kusafiri na mlango. Ndugu zangu, acheni! Mlango ndio ulionitupa. Tukisema mambo ya Mungu tuyaseme yalivyo.

Afande akanifunga kidonda, akaniambia mizigo na pikipiki vitabaki kituoni kwao, jogoo naye walikuwa wamemkamata. Wakanipakia wakanishusha Katunguru. Nikaingia kwa mkwe wangu saa saba kasoro. Mzee alikuwa anachokonoa meno. Sahani ilikuwa mbele yake, ndani mifupa mitupu.

"Umechelewa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Umebeba nini?"

"Hakuna kitu, baba."

Kabugho akatoka ndani. Aliona damu, akashika mdomo. Kisha, mwanamke huyu ni mwanamke, akanizunguka kwanza, mzunguko mzima, akitafuta mzigo. "Hata salamu za watu?" akaniuliza. Nikamwambia hata salamu. Nikawaeleza yote, breki, mayai, tembo, sikuficha kitu, nikaomba msamaha kwa ajili ya Kikorongo.

Mzee akatikisa kichwa. "Nimesikia. Pole. Lakini neno yangu ni neno. Chakula nimemaliza."

Nikainama. Ndugu zangu, hapo nilisikia mwisho wangu. Mzee alisema haki.

Nitaeleza mengine haraka, mchungaji ananionyesha saa. Siku hizi mtu akitaka kupanda pikipiki yangu anavaa helmeti, ninazo mbili. Mzigo nafunga ule usiozidi mabega yangu. Kabla ya safari ndefu nalala kwa fundi siku moja kabla, namaanisha nakaa pale mpaka amalize: breki, mnyororo, tairi, oili, taa. Ndipo naomba. Na maombi sasa ni mafupi, yana raha. Kama breki yako inalia, ndugu, usiikemee. Fundi yuko pale mlangoni, amekuja kusikia kama nitamtaja.

Na wewe uliyechelewa, uliyemwacha mtu wako barabarani, unayejiona shauri lako limefungwa, nakuomba umtumaini Mungu, uende, ufike hivyo hivyo. Maana siku ile nikiwa nimeinama, Kabugho aliingia jikoni, akatoka na sufuria, akaiweka mbele ya baba yake. "Baba, hujamaliza," akasema. "Bado kuna samaki moja." Mzee akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akamtazama mtoto wake. Kisha akavuta kiti, akanawa mikono, akaanza kula upya.