Nani Ameiambia Iwake

Benchi lenyewe liko kati ya karakana ya mjomba wangu, Fundi Redio, na kibanda cha kinyozi. Mbele yake kuna meza ya mbao yenye makovu ya chuma cha moto, na juu ya meza kuna chupa ya kahawa ambayo haijulikani nani huijaza. Wanaokaa hapo ni wale wale. Mjomba hufungua redio za watu huku akiongea bila kuinua macho. Kinyozi hupata wateja wawili kwa asubuhi na maoni mia. Mzee Gazeti ni mstaafu anayesoma gazeti la jana, kwa sababu la leo, asema, bado halijatulia. Mimi wananiita Hoja, maana chuoni nimo kwenye timu ya midahalo na sijui kunyamaza. Jumamosi hiyo nilifika saa nne asubuhi na laptopu begani, na bodi ya kompyuta ndogo, ukubwa wa kidole gumba, imefungwa kwenye soksi safi.

Nianze na kilichonikera, ili mjue kwa nini sikutaka mzaha. Kundi letu la maabara lina watu watano: wanaume wanne na mimi. Mwaka wa pili huu wao wanashika bodi, wao wanaunganisha waya, mimi naandika ripoti. Nikiuliza kwa nini, naambiwa mwandiko wangu mzuri. Ripoti tunachapa kwa kompyuta. Alhamisi nikasema basi, imetosha. Kiongozi wetu, tunamwita Kapteni, akatabasamu kama mtu anayemruhusu mtoto ashike usukani gari likiwa limezimwa. Akasema, "Chukua hiyo bodi mpya, hatujaifungua. Jumamosi saa nane tunakutana maabara. Ukiileta inafuata programu uliyoiingiza mwenyewe, siku ya maonyesho ya chuo utasimama mbele wewe. Ukishindwa, utaandika ripoti mpaka tumalize chuo, na tusisikie tena hii habari." Nikakubali mbele ya mashahidi. Waya wa kuiunganisha hawakunipa. Walisema waya uko kila nyumba.

Nyumbani wadogo zangu hawaachi soketi hata moja wazi wala waya usiochukuliwa, na betri ya laptopu yangu imekufa siku nyingi. Kwa mjomba kuna soketi, kuna meza, kuna lenzi ya kukuzia. Na kuna benchi, ambalo sikuliomba, ingawa habari ya Kapteni lilikuwa nayo tangu Alhamisi.

KINYOZI: Hiyo ndiyo kompyuta? Mbona mimi nina kifungo cha koti kikubwa kuliko hiyo.

MIMI: Shikamoo kwanza, Mzee Gazeti. Shikamoo, mjomba. Kinyozi, wewe habari yako nitaitafuta baadaye.

MZEE GAZETI: Marahaba, mwanangu. Iweke hapa kwenye sinia la kahawa isipotee.

MJOMBA: Wee, isiguse sinia. Hizo pini za chini zikikanyaga chuma, zinaongea zote kwa pamoja, na hapo ndipo mazungumzo yanaisha. Weka kwenye kadibodi.

Nikaiweka kwenye kadibodi. Nikauliza kama kuna mwenye waya wa kuchaji wa kichwa kile kipya, kidogo, cha mviringo pembeni. Kinyozi akaingia kibandani kwake, akarudi nao ameuning'iniza kama mvuvi na samaki wake.

KINYOZI: Huu unachaji mashine yangu ya kunyolea kila siku. Haujawahi kuniangusha.

Nikachomeka. Taa nyekundu ya bodi ikawaka. Halafu kitaa kidogo cha bluu, pembeni, kikaanza: kinawaka, kinazima, kinawaka, kinazima. Sitaficha, moyo wangu uliruka.

KINYOZI: Imekwisha hiyo. Saa nne na robo. Kunywa kahawa, nenda kamwambie Kapteni ahamie kwenye ripoti.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshainua kikombe. Lakini nilikuwa nimeandika programu yangu tangu jana chuoni, mistari michache tu, ile ya kwanza wanayoanza nayo watu wote: washa taa, subiri, zima taa, subiri. Nikabonyeza ipelekwe kwenye bodi. Laptopu ikafikiri, ikafikiri, ikaandika kwa wekundu: hakuna kifaa kilichopatikana.

Nikabonyeza tena. Hakuna kifaa. Nikachomoa, nikachomeka tundu la pili. Taa ya bluu inanikonyeza, laptopu inasema haijaona kitu.

MZEE GAZETI: Hilo nalijua. Vitu vya namna hiyo lazima viandikishwe. Unajaza fomu, wanakupa namba, ndipo kompyuta inakubali kukijua. Kama laini ya simu.

MIMI: Babu, nani anaandikisha?

MZEE GAZETI: Wahusika.

MJOMBA: Si fomu. Ni vumbi. Kila kitu kinacholetwa hapa kina vumbi.

Akapuliza tundu la laptopu, akapuliza na la bodi, akapuliza na redio iliyokuwa imefunguliwa mbele yake kwa kuwa pumzi ilikuwa bado ipo. Nikajaribu. Hakuna kifaa.

KINYOZI: Sikilizeni. Hiyo bodi imekuja na ndege. Kule juu ni baridi. Imekaa ndani ya soksi usiku kucha, lakini moyoni bado imeganda. Tuiache juani nusu saa.

MIMI: Kinyozi, taa inawaka. Kitu kilichoganda hakiwaki.

KINYOZI: Friji yako ndani haina taa?

Mzee Gazeti akacheka mpaka akamwaga kahawa kwenye gazeti. Mimi sikucheka. Kwenye midahalo tunafundishwa kwamba mtu akikujibu kwa kichekesho na watu wakacheka, umepoteza dakika, hata kama hoja bado ni yako. Nami dakika sikuwa nazo. Saa tano na nusu.

Bodi ina vitufe viwili, vidogo kama punje ya mchele. Nilikuwa nimesoma kwamba bodi ikigoma, unashikilia kimoja huku unachomeka. Nikashikilia. Ukucha ukauma. Taa ya bluu ikazima, nikaachia, ikaanza upya ule mwendo wake. Hakuna kifaa. Nikazima laptopu, nikaiwasha, na laptopu yangu kuwaka ni kama kumwamsha mtu aliyekesha msibani. Hakuna kifaa.

MJOMBA: Labda hazipatani. Kuna redio niliwahi kuipa spika mpya, ikaikataa wiki nzima. Niliporudisha ile ya zamani ikaimba.

MZEE GAZETI: Wivu huo. Laptopu imeona kompyuta nyingine, ndogo, mpya, inawaka vizuri. Wewe ungekubali kuitambua?

KINYOZI: Hapo umesema, mzee. Funika laptopu macho.

MIMI: Mnaona mimi nacheza, siyo?

Mjomba akaweka bisibisi chini, kitu ambacho hafanyi hovyo.

MJOMBA: Hatukuchezei, mwanangu. Saa ngapi wanakutaka?

MIMI: Saa nane. Na kufika chuoni ni nusu saa.

KINYOZI: Basi nikwambie kama kaka yako. Nenda nayo hivi hivi. Wao bodi hawajaifungua, si ndivyo ulivyosema? Hawajui ilikuwaje. Unachomeka pale mbele yao, taa inakonyeza, unakunja mikono. Programu uliyoandika inasema taa iwake izime. Taa inawaka na kuzima. Nani atabisha?

MZEE GAZETI: Na ukisimama umekunja mikono, hata waziri habishi.

Nitasema kweli: kuna dakika moja niliipenda ile njia. Niliiona kabisa, sura ya Kapteni, bluu ikimkonyeza. Nikaanza kuikunja laptopu.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja aliyekuja kuchukua redio yake. Sote tulikuwa hatumjui isipokuwa mjomba, naye alimjua kwa redio tu. Alikuwa na kapu la sabuni mkononi, akasimama akiitazama bodi wakati mjomba anamtafutia mzigo wake.

MAMA WA REDIO: Hicho ni kitu gani kinakonyeza?

KINYOZI: Kompyuta, mama. Ya huyu binti. Ameiandikia programu.

MAMA WA REDIO: Kumbe. Kwa hiyo wewe ndiye uliyeiambia iwake?

Nikaitazama laptopu niliyokuwa naikunja.

MAMA WA REDIO: Au mwenye duka? Nauliza tu. Nani ameiambia?

Mzee Gazeti alitazama gazeti. Kinyozi alitazama taa. Mjomba alibaki na kichwa ndani ya rafu ya redio muda mrefu kuliko redio ilivyohitaji. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu saa nne: laptopu ilisema haijaiona bodi. Kama haijaiona, haijaiambia kitu. Ile taa ilikuwa ikifuata maneno ya mtu wa kiwandani aliyeipima kabla haijatoka, akaiacha inakonyeza. Nilikuwa karibu kwenda kusimama mbele ya watu na kazi ya mtu nisiyemjua, nikunje mikono. Kapteni hufanya hivyo hivyo na ripoti zangu: huzisoma mbele ya watu kama zake.

Nikaifungua laptopu tena. Saa sita na dakika kumi.

MIMI: Mama, asante. Haya, wote kimya. Kuanzia sasa hakuna nadharia bila jaribio. Bodi inapata umeme, hilo tumeona. Laptopu inapata umeme, hilo tumeona. Kati yao kuna nini?

MJOMBA: Waya.

MIMI: Waya wa nani?

Wote tukamgeukia Kinyozi.

KINYOZI: Msinitazame hivyo. Waya wangu mzima. Umewasha taa mbili.

MIMI: Umeme unapitisha. Je, unapitisha na habari? Mashine yako ya kunyolea imewahi kuambiwa kitu na kompyuta?

KINYOZI: Iambiwe nini? Inanyoa.

Mjomba akauchukua ule waya, akaupima unene kwa vidole, uso ukabadilika kama wa mtu aliyekuta funguo mfukoni baada ya kuvunja mlango.

MJOMBA: Mwembamba. Huu ndani una nyuzi mbili, za umeme peke yake. Wa kubebea habari una nne. Na miaka thelathini niko kwenye kazi hii, nikapuliza vumbi.

Akavuta droo yake ya waya. Mnaijua droo ya namna hiyo: kila kitu kimekumbatia kila kitu. Nyaya zenye kichwa kile zilikuwa tatu. Nikaweka kanuni: kila waya tunauchomeka kwanza kwenye simu yangu na laptopu, tuone kama laptopu itauliza ifungue picha. Wa kwanza, simu ikachaji, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu haukuchaji hata simu. Kinyozi akaanza kupata nguvu.

KINYOZI: Mnaona. Waya wangu ulikuwa unasingiziwa.

MZEE GAZETI: Ngojeni. Mimi nina mmoja.

Akatoa mfuko wa plastiki ndani ya koti, na ndani ya mfuko, waya mnene mweusi uliokunjwa kwa utaratibu. Binti yake anayefanya kazi mbali alimwachia wa kuhamishia picha za wajukuu kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta ya jirani. Anatembea nao kwa sababu nyumbani wanauchukua.

MIMI: Babu, umekaa nao mfukoni tangu asubuhi?

MZEE GAZETI: Hukuuliza waya wa picha. Uliuliza waya wa kuchaji.

Ilikuwa kweli, na nilimsamehe papo hapo. Nikachomeka simu: laptopu ikauliza kama ifungue picha. Nikachomoa, nikachomeka bodi. Laptopu ikatoa mlio mdogo ambao haikuwa imeutoa asubuhi yote. Kabla ya kuipeleka programu nikabadilisha namba. Palipoandikwa subiri elfu moja, yaani sekunde nzima, nikaandika mia moja. Nikabonyeza. Ikafikiri. Taa ya bluu ikazima kabisa, tukashika pumzi, kisha ikaanza kupiga haraka haraka kama moyo wa mtu aliyepanda ngazi mbio.

MJOMBA: Hiyo si ya kiwandani.

KINYOZI: Inaweza kuwa imechangamka tu. Waya mpya, umeme mwingi.

MIMI: Taja idadi.

KINYOZI: Tatu.

Nikaandika: waka mara tatu, pumzika. Ikawaka mara tatu, ikapumzika. Mzee Gazeti akataka saba, moja kwa kila mjukuu, akazihesabu kwa majina mizunguko miwili. Mjomba akaomba mbili ndefu. Kila mara nilibadilisha, nikabonyeza, nikakaa na mikono magotini nisikimbilie kufurahi.

MAMA WA REDIO: Na mimi naomba. Iambie izime.

KINYOZI: Mama, izime? Tumehangaika nusu siku iwake.

MAMA WA REDIO: Kuwaka ilikuja inajua. Nataka nione ikizima kwa sababu yake huyu.

Nikafuta mistari yote, nikaacha mmoja. Nikabonyeza. Kitaa cha bluu kikazima. Tulikaa tukikitazama, watu wazima wanne na mimi, na hakuna aliyesema kimekufa. Mama akaitikia kwa kichwa mara moja, akachukua redio yake, lakini hakuondoka.

Saa saba na dakika ishirini. Nikafunga bodi kwenye soksi. Mzee Gazeti akanikabidhi waya wake bila kuombwa, akaniambia nisiuweke mezani hata kidogo, watu wa chuo wana mikono.

KINYOZI: Lakini Hoja, subiri. Unakwenda nayo imezima hivyo? Utawaonyesha nini?

MIMI: Nitaichomeka mbele yao, nitamwambia Kapteni ataje idadi anayotaka.

MAMA WA REDIO: Na akisema elfu?

MIMI: Basi avute kiti ahesabu.