Kichwa cha Wajina

Benchi letu liko nyuma ya stesheni ya Thiès, ambako treni zimebaki hadithi lakini kelele zake tumezirithi sisi. Kahawa anauza Ngone Fall, ile ya Tuba yenye pilipili, anaimimina kutoka juu, kopo hadi kopo, mpaka itoe povu. Asubuhi ile kaka yake, Birane, alikaa nasi bila kugusa kikombe. Mkewe, Jenaba, alikuwa shuleni, walimu wakiamua kama binti yao wa darasa la nne, asiyeweza kusoma hata mstari, abaki au aondoke. Akiondolewa, Jumatatu anapelekwa kujifunza ususi. Binti naye ni Ngone, amepewa jina la shangazi yake huyu wa kahawa. Na kwetu mtoto akirithi jina, husemwa amerithi na kichwa cha mwenye jina.

Aliyeanza ni yule tunayemwita Injini, fundi mstaafu wa reli, ukoo wa Ndiaye.

— Birane, kunywa bwana. Tatizo la mtoto nalijua mimi. Nyumba yako iko kando ya reli. Herufi zilimtikisikia tangu tumboni.

— Treni haijapita pale tangu mtoto azaliwe! alidakia Profesa, fundi redio wa ukoo wa Diop, aliyepata jina hilo kwa kutembea na gazeti kwapani.

— Ndiyo hivyo! Alizoea mtikisiko, akaukosa. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo? Nyie kina Ndiaye wali umewajaa hadi methali zinawakwama kooni.

— Kimya, Diop, mtumwa wangu!

Msishtuke. Ndiaye na Diop ni watani, wanatukanana hata msibani.

— Sikilizeni, akasema Profesa. Chanzo ni wajina. Ngone mkubwa ubao ulimshinda, akatolewa darasa la pili. Kamrithisha mdogo. Dawa ni kuchinja kondoo mwingine, mtoto apewe jina jipya.

— Jina la nani? nikauliza.

— La mtu aliyesoma. Langu, kwa mfano.

— Mtoto wa kike aitwe jina lako?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Kondoo wawili, akasema Injini. Mmoja wa jina, mmoja wa kuuomba radhi ubao.

Dada Ngone alicheka kidogo, macho kwenye povu. Kicheko kile sikukipenda. Tulikuwa tunamsengenya mtu mbele yake, na kahawa yake tunakunywa.

— Nitachinja hata ng'ombe, alisema Birane. Mtoto anasimulia ngano za bibi yake neno kwa neno. Mpe kitabu, analia. Nimemchapa, nimemwombea dua, sasa nimechoka jamani.

Dereva mmoja wa lori kutoka Kaolack, aliyekuwa akitusikia muda wote kutoka ng'ambo ya barabara gurudumu lake likizibwa pancha, alisalimu, akaketi pembeni, akaomba kahawa. Hata hajapewa, tukamwona Jenaba anakuja mbio, kilemba mkononi.

— Anabaki! Baba Ngone, mtoto anabaki!

Birane alisimama, akakaa, akasimama tena.

— Wamesemaje?

— Nilikwenda na mama mmoja wa chama cha wazazi, anayefundisha watoto walioshindwa kusoma. Akawaambia, msimpe karatasi, msomeeni maswali kwa sauti. Wakamsomea. Kajibu, wewe! Hadi mwalimu mkuu akavua miwani.

— Basi jini limetoka, akasema Injini.

— Jini gani, baba? Wanaita disleksia. Si uvivu, wala si ugonjwa. Akili anayo tele, ila njia yake ya kushika herufi ni nyingine. Atafundishwa taratibu, kwa kuzichora mchangani na kuzitamka. Kusoma atasoma. Na kwenye mtihani atasomewa maswali.

Birane alijifunika uso kwa kanzu akalia mbele yetu wote, na mimi nikajisikia mwepesi. Injini na Profesa walikumbatiana wakisahau utani. Hapo yule dereva akakohoa.

— Samahani, mimi ni mgeni. Huyo wajina wake, yeye alisomewa na nani?

Profesa alifungua gazeti, akalifunga. Injini akatazama reli. Birane akamtazama dada yake, akainamisha kichwa.

— Hakuna, akajibu Dada Ngone mwenyewe. Walinikalisha nyuma, kisha wakanirudisha nyumbani. Miaka yote hii nimekuwa nikidhani nimempa mtoto wa watu kichwa kibovu.

Akaweka kopo chini.

— Kumbe hakikuwa kibovu, akasema. Kumbe hakikuwa kibovu!

Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Jenaba akamshika mkono.

— Wifi, yule mama anafundisha na watu wazima.

Injini akanyoosha kikombe.

— Dada, niongezee basi.

— Kahawa imekwisha. Nakwenda kumwona wajina wangu.

Akajitwika birika, likawa zito hadi shingo ikampinda, na kahawa ikawa inaruka mdomoni mwa birika kila hatua. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba bado limejaa.