Miaka Arobaini na Minne ya Kutikisa Visu: Bi Doreen Staniforth

Ijumaa, tarehe 18 Desemba 1987, Bi Doreen Staniforth anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu hapa Sheffield kwa miaka arobaini na minne. Aliingia akiwa na miaka kumi na sita, akapangwa kupangusa visu kwa matambara. Tangu mwaka 1955 ameketi kwenye meza ya ukaguzi, penye dirisha la kaskazini, na kisu cha mfukoni hakitoki mlangoni kabla hajakishika.

Kwa faida ya wageni wetu: kisu chetu cha kukunja hakina kufuli. Ubapa hushikwa na pini moja na springi ya mgongoni, basi. Kwa hiyo Bi Doreen hukamata mpini kwa mkono mmoja na ncha kwa vidole viwili, akasukuma kushoto, kulia, juu, chini. Halafu hukiinua dirishani, maana kati ya springi na mbavu za mpini hapatakiwi kupenya hata uzi wa mwanga. Mwisho hukifunga karibu na sikio, asikie springi inavyopiga. Kikiwa na kasoro, atakwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Kinacheza, kipenzi. Karudie." Wanaume wenye ndevu zao wamerudia.

Mazoea yana taabu. Harusini hutikisa kisu cha keki kabla bibi harusi hajakigusa. Mumewe, Bwana Horace, anaapa kwamba hata yeye alitikiswa kwanza ndipo akakubaliwa uchumba.

Novemba 1971 ikawa zamu yake Bi Doreen kutikiswa. Dazeni kumi na mbili za visu zilikuwa zikisubiriwa London. Zilifika mezani pake zikiwa zimeshatiwa mafuta, ilhali sisi hukagua visu vikavu, kwa sababu mafuta mazito kwenye pini huficha kucheza kwa ubapa. Kila kimoja kilionekana imara. Bi Doreen hakuridhika. Aliviosha vyote kwa mafuta ya taa, akavikausha, akavijaribu upya. Vilicheza kama meno ya mtoto wa miaka sita.

Msimamizi wetu, Bwana Ibbotson, alishuka ngazi mbilimbili.

"Nani kaunganisha hivi? Nitajie, aondoke leo hii hii."

"Visu vinarudi, Bwana Ibbotson. Langu ni hilo tu."

"Alama ya nyundo ya kila fundi unaijua kama mwandiko, Doreen. Usinifanye mjinga."

"Naijua. Na simtaji."

"Basi rudi kwenye matambara hadi Pasaka."

"Haya."

Akarudi kweli, mkaguzi aliyekwisha kukagua miaka kumi na sita, kupangusa visu pamoja na wasichana waliotoka shule juzi. Fundi mwenyewe alikuwa na mke mjamzito wa siku za mwisho, akaufyata. Jumatatu iliyofuata, saa ya chakula, Bi Doreen alimwita, akamkatia nusu ya mkate wake uliopakwa mafuta ya nyama, kisha akamweka mbele ya fuawe.

"Gonga pini kidogo, jaribu. Gonga tena, jaribu. Ukizidisha, mteja atavunja kucha akikifungua."

Ikawa hivyo kila siku hadi Pasaka, na hata mara moja hakumuuliza kwa nini alifanya vile.

Bi Doreen, karakana nzima inakushukuru. Tunakuombea wewe na Bwana Horace afya njema, bustani isiyo na konokono, na asubuhi nyingi za kuamka mnapotaka wenyewe.

Nawe Bwana Ibbotson, najua utaisoma karatasi hii ukiwa kwenye meza ya mbele, siku ya kumuaga. Fundi yule ni mimi, Clifford Beighton. Binti yangu aliyezaliwa Desemba ile anaitwa Doreen. Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba ni jina la shangazi yangu. Sina shangazi wa jina hilo.