Mistari Kumi na Mmoja ya Bwana Sadallah

Tarehe 30 Juni, 1956, Bwana Sadallah bin Kondo atafunga kabati la masijala ya Baraza la Kilunguni kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo. Alianza kazi hapa tarehe 1 Julai, 1924, akiwa tarishi. Ni miaka thelathini na miwili kamili, na katika miaka hiyo alichelewa mara moja tu, siku aliyomzika mama yake. Siku hiyo alifika saa nne na akaomba radhi. Wenzangu wameniomba niandike wasifu wake katika jarida letu la watumishi kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye chumba kimoja kwa muda mrefu kuliko wote. Nimekubali kwa sharti nililojiwekea mwenyewe. Katika jalada lake la utumishi kuna ukurasa mmoja wa mwaka 1946 usio wa kweli, na sitaweka kalamu chini kabla sijausahihisha.

Bwana Sadallah ni mwenyeji wa Mtoni, mzaliwa wa mwaka 1901. Alipitia chuo cha Kurani kwanza, akajua kuandika kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wa pwani, kisha akaingia shule ya Serikali wakati wa Wajerumani, akajua na hizi herufi nyingine. Miaka mitatu ya utarishi ilitosha wakubwa kuona kwamba tarishi huyu anasoma bahasha vizuri kuliko makarani waliompa azipeleke. Mwaka 1927 akatiwa masijala, na humo ndimo amekaa hadi leo.

Wageni wa ofisi humkumbuka kwa baiskeli yake, ambayo ameisukuma kwa mkono zaidi ya alivyoipanda, kwa madai kwamba barabara ya Temeke ina mchanga na baiskeli ina umri. Sisi wa ndani tunamkumbuka kwa vita vyake na mchwa. Miguu yote ya rafu zake imesimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa, na kila asubuhi huinama kuyakagua kabla hajamwamkia mtu. Mchwa aliwaita wakaguzi. Akiona njia ya udongo ukutani atasema, "Wakaguzi wamekuja, leo hatuli mchana," na kweli hatukula.

Alikuwa na kanuni zake, ambazo hazikuandikwa na Serikali yoyote. Hakuna kugusa karatasi kabla ya kunawa, hasa aliyetoka kwenye mihogo ya kukaanga. Barua ya mtu haisomwi mpaka mwenyewe ameketi mbele yako, hata kama imeletwa kuwa kielelezo cha kesi. Na kila karatasi inayoingia, iwe imesomwa au haijasomwa, huandikwa katika daftari: rangi yake, wino au penseli, na idadi ya mistari. Nilimcheka sana kwa hiyo mistari. Niliona ni kazi ya mtu asiye na kazi.

Mimi nilikuja mwaka 1944 kutoka Bukoba, na mke wangu Kokuberwa, masanduku mawili na cheti cha shule ya misheni. Niliwekwa kwa majaribio ya miaka miwili. Juma la kwanza Bwana Sadallah alinikuta nataka kufutia wino uliomwagika kwa karatasi kuukuu yenye maandishi ya Kiarabu. Akaninyang'anya bila ukali. "Karatasi yenye jina la Mungu haichomwi wala haitupwi, bwana mdogo," akasema. "Ikichakaa inazikwa pahala safi." Niliyashika maneno hayo kwa moyo wote, na laiti ningeyashika nusu.

Novemba 1945 alikuja mama mmoja wa jirani, Bi Mwanabaraka binti Nassibu, na mkoba wa ukindu. Alikuwa anashtakiana na mtu aliyedai kipande cha shamba lake la minazi, kile chenye makaburi ya wazee wake. Ushahidi wake ulikuwa ndani ya mkoba: barua za familia, karatasi arobaini na tatu, zote za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kumi na tisa ziliandikwa na babu yake, aliyesafiri sana Pangani na Bagamoyo na kila mara akiagiza shamba litunzwe vipi. Kumi na nne ni za baba yake, aliyekuwa mpagazi katika vita vya Wajerumani. Kumi ni za mwanawe wa pekee, Pazi, askari wa Keya, jeshi la Waingereza, aliyefia Burma mwaka 1944. Kila mwaka, siku ya hitima ya wazee, barua hizo zilisomwa kwa sauti mbele ya ukoo wote, ya kwanza hadi ya mwisho, kisha zikarudishwa mkobani. Bwana Sadallah alizipokea, akatia saini ya kupokea, akaandika daftarini mistari ya kila moja, asizisome.

Februari 1946 alikwenda Kisiju kumzika kaka yake, akakaa siku nane. Siku ya tatu ikaja amri kutoka kwa Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, kwamba karatasi zote kuukuu zilizoliwa na mchwa zichomwe kabla ya Jumamosi, kwa kuwa tunahamia jengo jipya. Amri ilikuwa halali na mimi ndiye niliyekuwepo. Chini ya rafu ya nyuma nikakuta mkoba wa ukindu, kibandiko chake kimeliwa chote. Nikafungua. Herufi za Kiarabu tupu, na juu ya kila ukurasa maneno yale yale yamerudiwa. Kwetu nilikuwa sijaona mtu akiandika habari za minazi kwa herufi hizo. Nilijua kwa hakika kabisa kwamba hii ni Kurani iliyochakaa.

Wenzangu walisema nitie motoni. Nikakataa, tena kwa kiburi, mimi Mkristo wa kuwafundisha adabu. Nilinunua kitambaa cha bafta nyeupe, nikazipeleka karatasi msikitini, nikazifunga vizuri huko. Mwadhini alinisaidia kuchimba uani, akaniombea dua. Kabla ya kufunga niliitazama karatasi ya juu, kwa kuwa ilikuwa mpya kuliko nyingine. Imeandikwa kwa penseli. Nikajiuliza, Kurani gani inaandikwa kwa penseli? Nilisimama nayo dirishani kitambo. Mwadhini alikuwa karibu nami, anasoma herufi hizo tangu utotoni. Sikumuuliza.

Bwana Sadallah aliporudi nilimsimulia kwamba nimezika karatasi chache za dini, naye akanisifu. Kisha masika ikanyesha. Tarehe 20 Mei kesi ya Bi Mwanabaraka ikaitwa, mkoba ukatafutwa, nami nikamwambia Bwana Sadallah ni karatasi zipi nilizozika. Tulichimba siku ile ile. Tulipata kitambaa, matope na mchwa.

Nililia, sioni aibu kusema. Nilimwambia nakwenda kwa Bwana Shauri kujitaja. Akanishika mkono, akanikalisha juu ya sanduku. "Wewe uko kwenye majaribio," akaniambia. "Mkeo mjamzito. Kwenu Bukoba ni safari ya siku ngapi? Mie nikifukuzwa naenda nyumbani kwa miguu." Akaingia yeye. Akasema saini ya kupokea ni yake, na kwamba ndiye aliyeacha maagizo zizikwe. Hakufukuzwa, lakini alishushwa daraja, na katika jalada lake pakaandikwa kwamba aliangamiza vielelezo vya kesi kwa uzembe. Bi Mwanabaraka alikosa ushahidi na kipande kile kikachukuliwa, na makaburi yake ndani. Mwaka 1949 nafasi ya karani mkuu ilipokuwa wazi, mtu mwenye haki nayo alikuwa mmoja. Wakubwa walifungua jalada lake, wakasoma ukurasa ule, wakanipa mimi.

Sasa nieleze kazi yake kubwa kuliko zote, ambayo haimo katika ripoti yoyote. Alikwenda kumtaka radhi Bi Mwanabaraka mara mbili na mara mbili akafukuzwa. Mara ya tatu mama yule alimuuliza kama daftari la mistari lipo. Lilikuwepo. "Basi kaa uandike," akamwambia. "Barua za babu nazijua kama Fatiha."

Kuanzia hapo, kila Ijumaa baada ya sala, kwa miaka saba, Bwana Sadallah aliisukuma baiskeli yake hadi uani kwa mama huyo. Bibi akisema, yeye akiandika, kwa herufi zile zile. Wakimaliza barua anafungua daftari na kuhesabu. Mara moja barua ya babu kutoka Pangani ilitakiwa iwe na mistari kumi na minne, ikapatikana kumi. "Bado minne, Bi," akasema. Bibi akashikilia kwamba amesema yote. Juma zima likapita. Ijumaa iliyofuata akakiri hakuwa amesahau. Ile minne ilihusu ugomvi wa bibi yake na wifi yake juu ya mbuzi aliyechinjwa bila ruhusa, na aliona aibu kuitaja mbele ya mwanamume. Ikaandikwa, na mistari ikatimia. Mimi niliyecheka kazi ya kuhesabu mistari nilikuwa nikiyasikia haya kila Jumamosi asubuhi, wala sikucheka tena. Mwaka 1947 nilimwomba anifundishe herufi zile. Alinifundisha saa za mapumziko, kwa subira, nami nilipoweza kusoma barua ya kwanza iliyoandikwa upya nilitamani nisingejua.

Hadi mwanzoni mwa mwaka 1953 zilikuwa zimeandikwa arobaini na mbili. Iliyobaki ilikuwa ya Pazi, ya mwisho. Ilifika kwa mama yake Temeke baada ya habari ya kifo chake. Maalim wa chuo alimsomea mama yake siku hiyo hiyo, huku watu wakilia, naye hakusikia hata neno moja. Akaiweka kwenye mkoba ingoje siku ya hitima. Maalim akafariki, na kabla siku hiyo haijafika mkoba ukapelekwa barazani kwa ajili ya kesi. Daftari lilisema: karatasi mpya, penseli, mistari kumi na mmoja. Hakukuwa na mtu aliyejua kilichokuwemo.

Bi Mwanabaraka alipougua, Bwana Sadallah alinichukua hadi kwake. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza ni nani aliyezika barua zake. Kisha akaniuliza, "Ya mwisho uliiona?"

"Niliiona, mama."

"Inasemaje?"

Nikamwambia wakati ule sikujua kusoma. Nilikuwa mtu wa mwisho duniani kuishika barua ile, nikaiona michoro tu. Akageuza uso ukutani. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikaanza kuinuka. "Mwandiko wake ulikuwa umenyooka?" akauliza. "Akiumwa, mwandiko wake hupanda na kushuka."

Hilo nililiona, na nililikumbuka vizuri, maana nilisimama nayo dirishani. "Umenyooka, mama," nikamwambia. "Mistari yote."

"Basi hakuwa mgonjwa," akasema.

Alifariki baada ya siku kumi na mbili. Hakuacha mtoto wala ndugu wa karibu, na mkoba mpya wa barua alimwachia Bwana Sadallah. Karatasi ya arobaini na tatu imo ndani. Bwana Sadallah ameandika juu yake jina la Pazi na mahali ilikotoka, kisha akapiga mistari kumi na mmoja kwa rula, imenyooka, na hakuandika kitu.

Juma lililopita alinikabidhi mkoba huo pamoja na daftari. Nilimwambia nitayaandika haya yote katika wasifu wake. Alikasirika, akasema nitamharibia chai yake ya kuagwa, na kwamba mambo ya zamani yaachwe yalale. Namheshimu kama kaka yangu mkubwa, lakini kwa hili simtii. Amebeba uzembe wangu miaka kumi, mimi nikikalia kiti chake na kutia saini likizo zake. Asubuhi ya leo nimepeleka barua kwa Bwana Shauri kuomba ukurasa ule wa mwaka 1946 uondolewe jalada lake, uwekwe katika langu, kwa jina langu.

Kwa niaba ya watumishi wa Kilunguni, Bwana Sadallah, tunakushukuru kwa kila karatasi uliyoiokoa na mchwa na kwa kila mtu uliyemsitiri. Ukakae vizuri Mtoni, wewe na mkeo na wajukuu. Mungu akupe afya na miaka mingi, na baiskeli yako ipate barabara isiyo na mchanga. Mkoba nitautunza. Siku ya hitima ya Bi Mwanabaraka nitazisoma arobaini na mbili kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, na nikifika kwenye ya arobaini na tatu nitakaa kimya kadiri ya mistari kumi na mmoja.

Revelian, karani mkuu mpaka Bwana Shauri atakapojibu.